Dawa hupitia dirishani kabla ya kufika maabara: ninachokiri kama kocha wa wakimbiaji hapa Dodoma

#1 Kocha wa Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara mbili. Leo nauacha.

Nafundisha riadha kwa kujitolea hapa Dodoma. Kikundi chetu kina vijana kumi na wanne. Tunakutana saa kumi na moja alfajiri upande wa Iyumbu, tunapanda kuelekea UDOM kabla jua halijachoma na kabla bodaboda hazijajaa barabarani. Daktari hatuna, mchua misuli hatuna. Tuna saa moja ya mkononi, yangu, na dumu la maji. Anayeumwa anajitibu kwao.

Usiku wa kuamkia alfajiri ya Septemba 15, 2025, tulikuwa watu tisa tumebanana kwenye simu moja tukimwangalia Alphonce Simbu akiingia uwanjani Tokyo. Mnaukumbuka ule mwisho. Kilomita 42 na ushee zimekwisha, na bado hakuna aliyejua nani kashinda. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue. Tofauti yao: sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na aliyeileta ni mtoto wa Singida, hapo jirani tu. Tulipiga kelele hadi majirani wakaamka.

Kelele zilipotulia, kijana mmoja mdogo kuliko wote akaniuliza: "Kocha, tofauti ndogo hivyo, si hata kidonge kinaweza kuileta?"

Sikumjibu. Nilisema tulale, kesho kuna mazoezi. Sababu ya kutomjibu ndiyo sababu ya uzi huu.

Mwaka mmoja kabla ya usiku ule nilimpeleka binti mmoja wa kikundi chetu kwenye nusu marathoni mkoa wa jirani. Siku mbili kabla ya safari alipata kikohozi kibaya, kifua kinapiga filimbi. Akaenda duka la dawa karibu na kwao, akafungiwa vidonge kwenye karatasi, hakuna cheti wala swali. Ndani ya basi akanionyesha. Vingine ni salbutamoli ya vidonge, vile vya kufungua kifua. Vingine vidogo vyeupe, deksamethasoni, ambayo mtaani wote tunaiita deksa. Nikampigia simu jamaa yangu mmoja mhudumu wa afya, akasema ni dawa za kawaida, ameze tu. Na kweli ni za kawaida. Binti akameza jioni, akameza na asubuhi ya mbio. Akashika nafasi ya pili. Laki tatu. Aliyemfuata alipewa laki moja na nusu.

Hakupimwa. Zile mbio hazikuwa na mpimaji yeyote.

Miezi kadhaa baadaye nikahudhuria semina ya siku moja ya walimu wa michezo, ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza, na umri wangu huu, kwamba salbutamoli ya kuvuta kwa mdomo inaruhusiwa kwa kiwango, mikrogramu 1600 kwa saa 24, lakini ya vidonge au ya maji ni marufuku siku zote, mbio ziwepo zisiwepo. Na deksa ya kumeza ni marufuku siku ya mashindano. Yaani mwanangu alikimbia na dawa mbili zilizokatazwa tumboni, na aliyempa ruhusa ni mimi.

Nilirudi nyumbani nikakaa kimya. Binti mwenyewe sijamwambia hadi leo.

Sasa niseme ninachokiamini, mnisahihishe. Tunapozungumzia dawa michezoni huwa tunaanza na wezi wakubwa. Ben Johnson, Olimpiki ya Seoul 1988, mita 100 kwa sekunde 9.79, siku tatu baadaye dhahabu imerudi kwa Carl Lewis kwa sababu ya stanozololi, steroidi ya kujenga misuli. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli, na mataji yake saba ya Tour de France, yote yakafutwa mwaka 2012. Warusi wa Olimpiki ya baridi ya Sochi 2014, chupa za mkojo zikibadilishwa usiku kupitia tundu ukutani. Tunasikiliza kama hadithi za majitu ya mbali, halafu tunalala tukijua hatumo.

Tumo. Kanuni ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, haiulizi kwanza kama ulikusudia. Inauliza kilichokutwa mwilini mwako. Kikikutwa ni chako, hata kama ulipewa na shangazi. Nia yako itasikilizwa baadaye, kwenye kupanga adhabu. Mkimbiaji wa timu kubwa Ulaya ana daktari wake, kila kidonge kimekaguliwa kabla hakijafika mdomoni. Mkimbiaji wa Bahi au Mpwapwa ana dirisha la duka la dawa na kocha kama mimi. Kanuni ni moja kwa wote wawili.

Wengi watasema basi kanuni inatuonea, ilegezwe. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Isilegezwe hata kidogo. Aliyeshindwa na mtu mwenye dawa tumboni ameshindwa vilevile, mwenzake awe alikusudia au hakukusudia. Kinachotakiwa kushuka ni elimu, ifike hadi kwenye lile dirisha na hadi kwa kocha wa alfajiri. Tusiposhusha sisi hakuna wa kutushushia.

Naomba kuwasilisha. Nitajibu kila mtu.

#2 Mwana Ikungi

Kocha, kwanza nikupongeze kwa kusema. Wengi tunayo ya kwetu na tumenyamaza.

Ila mimi naiona kanuni inaonea. Chukua mzee wetu Juma Ikangaa, mzaliwa wa huko huko Dodoma. Marathoni ya Boston mwaka 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. New York 1989 ndipo akawanyoosha kwa 2:08:01. Watu wa kizazi kile walikula ugali wa mtama na mlenda, wakakimbia. Mtu wa namna hiyo ukimfungia miaka kwa sababu ya dawa ya kikohozi, haki iko wapi?

#3 Dada wa Dirishani

Shikamoo kocha. Mimi ndiye huyo wa dirishani. Si aliyemhudumia binti wako, ila nauza duka la dawa muhimu hapa mjini mwaka wa sita sasa.

Naomba mtusikilize na sisi. Mteja anafika na jina la dawa tayari mdomoni. "Nipe deksa kumi na piritoni kumi." Anataka anenepe, anataka mashavu, ameambiwa na shoga yake. Ukimwambia dawa hii inataka cheti anahamia duka la pili, na la pili wanampa. Sisemi ni sawa, nakwambieni hali ilivyo. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyesimama pale akaniambia "dada, mimi ni mwanariadha". Angesema, ningesita.

Na kuna jambo kocha hujaligusa, nalo ndilo linalonitisha zaidi: dripu. Hapa kwetu mtu akichoka, akiona kizunguzungu, anakwenda zahanati kutundikiwa dripu ya maji na sukari, anatoka amechangamka. Wachezaji wa mpira wanafanya sana, hasa mechi zikifuatana. Nilipouliza kwa mfamasia mmoja akanifafanulia kuwa michezoni dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, hata kama ndani yake ni maji matupu, isipokuwa ni sehemu halali ya matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Sababu ni kwamba maji hayo huzimua damu na mkojo, yanaweza kuficha kitu. Nani kati ya makocha wenu analijua hilo?

#4 Kocha wa Alfajiri (mleta mada)

Marahaba dada. La dripu nilikuwa silijui. Nimesoma ujumbe wako nimesimama, nikakaa. Vijana wangu wawili walitundikiwa mwezi uliopita baada ya mazoezi marefu ya kwenda Hombolo na kurudi, na mmoja nilimchangia hela mimi mwenyewe.

Mwana Ikungi, nakujibu. Umemtaja mzee Ikangaa na ile sekunde moja. Sasa tuseme mtu amepoteza kwa sekunde moja kwa mwenzake aliyemeza kitu. Ungemwambia nini? Kwamba mwenzake hakujua? Mwaka 2014 Boston, Rita Jeptoo wa Kenya alifika wa kwanza, Buzunesh Deba wa Ethiopia wa pili. Jeptoo akakutwa na EPO mwaka huo huo, ile homoni inayozidisha chembe nyekundu za damu ili mtu abebe oksijeni nyingi. Deba alitambuliwa kuwa bingwa Desemba 2016. Zaidi ya miaka miwili. Hakukata utepe, hakuimbiwa wimbo, na fedha za ubingwa alizisubiri miaka mingine mingi. Umri wa mkimbiaji ni mfupi, hausubiri barua.

#5 Mzee wa Reli

Vijana, mimi nilikuwa kijana Februari 1974 Filbert Bayi alipokimbia Christchurch. Mita 1500, 3:32.16, rekodi ya dunia. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akakaa mbele hadi mwisho, John Walker anamfukuza hampati. Redio ilikuwa moja mtaa mzima. Mwaka uliofuata, Kingston, akavunja na ya maili, 3:51.0. Halafu Olimpiki ya Moscow 1980 akaleta medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3000, Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Hadi leo nchi hii haina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Nasema hivi: enzi zetu mambo haya hayakuwepo. Yameletwa na pesa.

#6 Chupa B

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, yalikuwepo. Tofauti ni kwamba hayakuonekana.

Hiyo Moscow 1980 unayoitaja ilimalizika bila mwanamichezo hata mmoja kutangazwa kukutwa na dawa. Hata mmoja. Baadaye mwanasayansi wa Ujerumani Magharibi, Manfred Donike, aliipima upya mikojo ya michezo ile kwa njia yake mpya akakuta testosteroni, homoni ya kiume, iliyozidi kwenye kiasi kikubwa cha sampuli. Na tayari Ujerumani Mashariki serikali yenyewe ilikuwa inawapa mabinti wadogo vidonge vya homoni za kiume, inawaambia ni vitamini. Simsemi mshindi yeyote wa mbio walizokimbia wazee wetu, sina sababu ya kumsema. Nasema tu kwamba kimya cha wapimaji hakikumaanisha usafi. Fedha ya Bayi na ya Nyambui kwangu zinang'aa zaidi nikikumbuka zilipatikana wakati gani.

Kuhusu Mwana Ikungi kuogopa kwamba mtu atafungiwa miaka kwa dawa ya kikohozi, kanuni si kipofu hivyo. Dawa zimegawanywa. EPO na steroidi za kujenga misuli, adhabu ya kuanzia ni miaka minne. Salbutamoli, deksa, na zile za kukojoza maji ziko kundi jingine: kuanzia miaka miwili, na ukithibitisha kwamba uzembe wako haukuwa mkubwa inaweza kushuka hadi onyo tu. Lakini ikithibitika ulikusudia, inapanda miaka minne. Kwa hiyo nia ina nafasi yake. Isipokuwa matokeo ya mbio zenyewe yanafutwa kwa vyovyote, na hapo namuunga mkono kocha.

#7 Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. La Donike sijawahi kulisikia. Nimenyamaza, nasoma.

#8 Haki Sawa

Mimi nina mtazamo tofauti kabisa, msinirushie mawe. Ruhusuni dawa zote. Mnaongelea usawa, usawa gani? Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake Berlin kwa 2:11:53 akiwa na viatu vya dola 500, na kampuni yenyewe ilisema ni vya mbio moja. Huyo binti wa kocha alikimbia na raba za mtumba za Sabasaba. Matajiri wanalala kwenye mahema yanayopunguza oksijeni ili damu yao iwe kama ya mtu wa mlimani, na hiyo ni halali. Sasa kipi cha haki, hema la maelfu ya dola au kidonge cha shilingi mia? Mwaka 2025 kuna watu wametangaza mashindano Las Vegas ambako dawa ni ruksa. Angalau wao ni wakweli.

#9 Kocha wa Alfajiri (mleta mada)

Haki Sawa, hakuna wa kukurushia jiwe. La viatu linaniuma kuliko unavyofikiri. Raba za yule binti nilizinunua mimi, kweli za mtumba, na kushoto kulikuwa kumeshonwa. Kwenye viatu walau wameweka mpaka, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, na kiatu kiwe kinauzwa madukani. Haitoshi. Nakubali.

Lakini kiatu ukikivua usiku kinabaki mlangoni. Dawa haivuliwi. Chupa B kawataja mabinti wa Ujerumani Mashariki. Mmoja wao alikuwa Heidi Krieger, mrusha tufe, bingwa wa Ulaya mwaka 1986. Alianza kupewa vile vidonge vya bluu akiwa na miaka kumi na sita. Mwili ukabadilika, sauti ikabadilika, maumivu ya viungo yakamwandama. Leo anaishi kama mwanamume, Andreas, na amesema mwenyewe hadharani kwamba vidonge vile vilimnyang'anya nafasi ya kujiamulia yeye ni nani. EPO nayo inazidisha damu uzito, moyo unasukuma tope badala ya maji.

Ukiruhusu dawa zote, hutampa binti wa Nkuhungu uhuru. Utampa kocha wake fimbo. Mimi namjua kocha alivyo na nguvu kwa mtoto wa miaka kumi na tisa, kwa sababu niliposema "meza" alimeza. Angenikatalia vipi?

#10 Mama Watoto Kisasa

Samahani, naomba kuuliza kwa sababu mwanangu anakwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hili la Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, nalo ni dawa? Nasikia watu wanachanganya.

#11 Chupa B

Hapana mama. Semenya hakuwahi kukutwa na dawa. Ubishi wake unahusu testosteroni aliyozaliwa nayo na nani aruhusiwe kukimbia mbio za wanawake. Ni mjadala mzito na una uzi wake, tusiuingize hapa, maana kumtaja mtu huyo kwenye orodha ya watumia dawa ni kumdhulumu.

Kwa mwanao wa UMISSETA: asimeze kitu bila kumwambia mwalimu, na asinywe unga wowote wa kujaza misuli unaouzwa kwenye jimu. Panadoli haina shida. Mseto wa malaria hauna shida. Diklofenaki haina shida kwenye kanuni. Tramadoli ndiyo ya kuikwepa, tangu Januari 2024 imekatazwa siku ya mashindano. Na mirungi: achana na polisi, ndani yake kuna kathini, nayo imo kwenye orodha.

#12 Dada wa Dirishani

Chupa B ongeza na dawa za presha. Haidroklorothiazaidi na furosemaidi, hizo za kukojoza. Kila nyumba yenye mzee hapa Dodoma zipo.

#13 Kocha wa Alfajiri (mleta mada)

Dada umenigusa penyewe. Mama yangu anatumia haidroklorothiazaidi, anaiweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati.

Mnamjua Ruth Chepngetich wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Chicago 2024 kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Machi 2025 alipimwa akakutwa na dawa hiyo hiyo ya presha. Kiwango cha kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita, yeye alikuwa na 3,800. Mwanzoni hakuwa na maelezo. Baadaye akasema aliumwa, akameza dawa ya msaidizi wake wa kazi za ndani bila kuangalia. Kitengo cha uadilifu cha riadha, AIU, hakikumwamini. Walihesabu ni uzembe wa kiwango cha kukusudia, miaka minne, ikapungua mmoja kwa sababu alikiri mapema. Miaka mitatu. Rekodi ya Chicago imebaki kwa kuwa ilipatikana kabla.

Sina uwezo wa kusema alidanganya au alisema kweli. Ninachojua ni kwamba kisa kama hicho kinaweza kutokea kwangu Jumanne yoyote. Mjukuu anakuja anaumwa kichwa, bibi anamwambia chukua hiyo nyeupe juu ya kabati. Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba sisi wa huku hatuhusiki. Kenya hapo jirani walijiona hivyo hivyo miaka kadhaa nyuma. Leo orodha yao ya waliofungiwa imepita mia moja, na mwaka 2022 serikali yao ilibidi iahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano ili nchi nzima isifungiwe. Sisi dola hizo tutazitoa wapi? Ni bora tuanze na kopo la majani ya chai.

#14 Irangi wa Kolo

Nimesoma tangu mwanzo, nimesubiri mtu aulize, hajauliza. Naomba niulize mimi.

Kocha, umemlilia Deba wa Boston vizuri sana. Umeeleza jinsi alivyosubiri. Yule binti wa tatu kwenye zile mbio zenu amesubiri muda gani? Anajua? Umesema kanuni isilegezwe hata kidogo, umesema aliyeshindwa na mwenye dawa tumboni ameshindwa, mwenzake awe alikusudia au hakukusudia. Hayo ni maneno yako. Laki moja na nusu yake iko kwa nani?

Siulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikimbia shule, nilishawahi kuwa wa tatu.

#15 Mwana Ikungi

Irangi, tuwe na huruma. Mbio hazikuwa na mpimaji. Kocha akijitokeza atamchomea binti maisha bure, na kesho hakuna kocha mwingine atakayekiri kitu. Fedha warudishiane kimya kimya, yaishe.

#16 Chupa B

Kuna njia. Kujitokeza mwenyewe kabla hujakamatwa kunahesabiwa, na kunapunguza adhabu. Na kanuni haimwangalii mkimbiaji peke yake, kocha naye anabanwa nayo kwa alichompa na alichomruhusu. Barua ikiandikwa, jina la kocha liwe juu. Ila binti aambiwe kwanza. Haiwezekani sisi wote humu tunajua, yeye hajui.

#17 Kocha wa Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, nimekaa kimya siku nne. Irangi, swali lako sikulala nalo vizuri, na nakushukuru.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao, Ng'hong'hona. Nilimkuta na mama yake wanapepeta uwele. Nikaomba tukae watatu, nikaeleza yote kuanzia ndani ya basi. Nikasema semina niliyohudhuria, nikasema miezi niliyonyamaza. Binti hakulia. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kama zile dawa ndizo zilizomfanya awe wa pili. Nikamwambia hakuna anayeweza kujua, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, hata yeye hawezi tena kujua. La pili akaniuliza yule wa tatu anaitwa nani.

Jina lipo kwenye karatasi ya matokeo. Nilikuwa nayo mfukoni.

Mama yake alikasirika, na kwa haki. Alinikabidhi mtoto mzima, sikumrudishia ukweli. Akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, nikayapokea yote. Kisha akauliza kama mwanawe ataruhusiwa kukimbia tena. Nikamjibu kwamba huenda akazuiwa kwa muda, na kwamba nitakwenda naye popote atakapoitwa, na kwamba barua itaanza na jina langu.

Barua mbili tumeziandika jana, moja kwa waandaaji wa mbio na moja kwa viongozi wa riadha. Zimetaja dawa, siku, kiasi, na nani alisema ameze. Binti amesaini chini yangu. Laki moja na nusu tumeichanga, elfu themanini yangu, zilizobaki za kwake, hakukubali nilipe yote. Tutaituma waandaaji wakishatupa mawasiliano ya yule mwenzake.

Dada wa Dirishani, Jumamosi hii saa mbili asubuhi baada ya mazoezi nimewaambia vijana wote waje na kila kidonge kilichoko kwao, cha kwao na cha wazazi wao, hata nusu karatasi. Kama dirisha linaweza kufungwa saa moja tu, njoo utusomee majina. Nauli ya bodaboda ni juu yangu.

Binti nilimwambia apumzike mpaka majibu yatoke. Leo alfajiri nilimkuta Iyumbu kabla yangu, amevaa sweta, hana raba za kukimbilia. Amesema atashika saa.